Andiko Lililotajwa Nchi Nzima

Nchi ya Shamirani ipo. Asiyeiona kwenye ramani na aikunjue ramani yake vizuri, huenda imekaa kwenye mkunjo. Ni nchi tulivu, yenye rais mmoja, redio moja na ghala moja la mahindi, na kila kimoja kina sura ya mtu yule yule. Wananchi wake hawanung'uniki. Waliokuwa na manung'uniko waliombwa wayapeleke kwa maandishi, wakayapeleka, na tangu siku hiyo hawajasikika wakinung'unika wala kuonekana wakiandika.

Maendeleo yaliipata nchi hii Mtukufu Rais aliporudi kutoka mkutano wa marais. Huko, wakati wa chai, rais wa nchi jirani alimwambia, huku akikoroga sukari taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuumiza, kwamba mtafiti wake wa saratani ametajwa na wasomi wa dunia mara elfu sabini. Maana wasomi hupimwa hivyo: mmoja akiandika jambo la maana, wenzake hulitaja katika maandiko yao, na kila anapotajwa anapanda.

"Na wako je?" akauliza jirani.

Mtukufu hakujua kama anaye mtafiti wa saratani. Alijua kwamba anayo saratani yenyewe, kwa sababu aliwahi kuifungulia jengo.

Ndege ilipotua, Profesa Badawi Mkole alikuwa ameshasimamishwa mbele ya ngazi. Huyu alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Uvimbe: mtu mnene, mpole, mwenye maandiko zaidi ya mia nne na sauti ya mtu anayefungisha ndoa. Aliulizwa ametajwa mara ngapi. Akasema mara kumi na moja. Aliulizwa na nani. Akatazama zulia jekundu. Mara nane alikuwa amejitaja mwenyewe, mara mbili alitajwa na shemeji yake, na mara moja alitajwa na Mjerumani aliyetaka kuwaonyesha wanafunzi wake utafiti usifanywe vipi.

Kesho yake mwaka ule ukatangazwa kuwa Mwaka wa Mitajo. Sheria ilikuwa nyepesi. Kila mwananchi, kabla ya kusema lolote mbele ya watu, alitakiwa ataje andiko jipya kabisa la Profesa Mkole, kichwa chake chote bila kuruka neno, pamoja na jina la mwandishi. Mtajo uliokatwa katikati ulikuwa hujuma. Bwana harusi alitaja kabla ya kuikubali ndoa, shahidi alitaja kabla ya kula kiapo, na mnadi samaki alitaja kabla ya kunadi, kisha akaendelea kunadi samaki waliokuwa wamechakaa kidogo kwa kusubiri. Tume ya Taifa ya Mitajo iliundwa, ikapewa magari, na juu yake akawekwa Bibi Zamoyoni, aliyekuwa mkuu wa magereza na kwa hiyo mzoefu wa kuwafanya watu waseme.

Watu wawili tu walisamehewa. Mtukufu, kwa kuwa hapendi kelele. Waliokwenda kumwona walitajia nje ya mlango. Na Profesa mwenyewe, aliyekatazwa kujitaja tena kwa sababu ya ile aibu ya mara nane.

Na kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kuyasoma maandiko yenyewe, wananchi waliipokea sheria kwa utulivu mkubwa.

*

Sasa, mwisho wa ujia wa Taasisi ile, baada ya ukumbi wa mikutano, chumba cha mapumziko na chumba cha mapumziko baada ya mapumziko, palikuwa na wodi. Wageni wengi hawakuifikia. Humo alifanya kazi Daktari Siwema, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali na mitajo mitatu.

Siwema alikuwa mtafiti wa ini. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipokea wagonjwa wa aina moja: vijana, macho ya njano kama manjano yenyewe, matumbo yamejaa maji, wote kutoka wilaya ya Ghalani, ambako ndiko lilikojengwa Ghala Kuu la Taifa. Kitanda cha dirishani alilala Mwalimu Hamdani, mtu wa miaka thelathini na moja, aliyekuwa akifundisha hesabu na ambaye sasa alitumia ujuzi wake kukadiria siku zake, bila kumwambia mtu jibu.

"Mwalimu, nyumbani mnakula nini?" Siwema alimuuliza siku ya kwanza.

"Mahindi ya serikali, daktari. Sisi ni watu wenye bahati, tumekaa mlangoni pa ghala."

Siwema akaenda kuliona hilo ghala. Paa lake lilikuwa na pande mbili. Upande unaotazama barabara ulikuwa na sura ya Mtukufu, umepakwa rangi kila mwaka, hauvuji hata tone. Upande wa pili, ambao haukutazamwa na mtu yeyote mwenye gari, ulikuwa umevuja tangu siku ya ufunguzi. Chini yake mahindi yalikuwa yamevaa kuvu la kijani kama shuka. Akayachukua, akayapima, akapima damu za wagonjwa, akarudia mara ya pili kwa kuwa hakutaka kuamini, na mara ya tatu kwa kuwa alishaamini. Sumukuvu. Ilikuwa ikiingia ndani ya watu wa Ghalani kwa miaka, kijiko kwa kijiko, na kutokea upande wa pili ikiwa saratani.

Wakati anakausha mikono redio ikatoa habari njema. Mtukufu, kwa huruma yake, ameamua mahindi ya Ghala Kuu yasiishie Ghalani peke yake. Shule zikifunguliwa, kila mtoto wa Shamirani atapewa kikombe cha Uji wa Ushindi, kila siku ya Mungu.

Dada yake Siwema, Mwantumu, alikuwa na mapacha wa kike. Walikuwa wanaanza darasa la kwanza muhula ule.

*

Siwema alikwenda Tume kuomba kibali cha kuonya, kwa kuwa Shamirani haionywi ovyo. Ipo Sheria ya Uzito wa Neno. Bibi Zamoyoni alimpokea vizuri, akamwagizia chai.

"Karibu, mwanangu. Una mitajo mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Mitatu!" Bibi Zamoyoni alishusha kikombe kwa masikitiko ya kweli. "Kwa mitatu unaruhusiwa kuonya familia yako, tena kwa sauti ya kawaida. Kuonya kijiji ni arobaini. Kuonya taifa ni elfu moja, na picha mbili."

"Mama, watu wanakufa."

"Hao wanaokufa wamekutaja?"

Siwema aliisogeza chai yake pembeni.

"Basi umeshaliona tatizo lako liko wapi," alisema Bibi Zamoyoni kwa upole. "Nenda kwa Profesa Mkole. Yeye ana mitajo ya kumwaga. Akuazime jina lake."

Kumbe ndivyo walivyofanya wote. Profesa Mkole hakuwa amemgusa mgonjwa tangu alipohitimu, kwa kuwa damu ilimtia kizunguzungu. Lakini katika Taasisi yake palikuwa na desturi, nayo iliheshimiwa kuliko usafi: anayefanya utafiti huuleta kwa mkubwa, na mkubwa hutangulia. Hivyo ndivyo mia nne zile zilivyopatikana, kama kodi ya pango.

"Binti yangu," alisema Profesa, akilipokea andiko la Siwema kwa mikono miwili na kulipima uzito bila kulifungua, "umefanya kazi. Inahusu nini?"

"Ini, Profesa. Na mahindi ya…"

"Ini! Kiungo muhimu sana. Mimi mwenyewe ninalo. Litachapwa katika Jarida la Taifa la Sayansi na Pongezi, toleo la kufungulia shule. Ila kurasa ni sita tu, karatasi ni adimu, na ukurasa wa kwanza ni wa picha ya Mtukufu. Tutabanana."

Wiki ile ile Siwema akaanza kuitwa. Safari ya kwanza alikuta Profesa amekaa na mkasi.

"Hili jedwali lako ni la nini?"

"Ni vipimo vya mahindi, Profesa. Ndiyo ushahidi wenyewe."

"Linakula nafasi. Hapa atakaa Waziri wa Uvuvi."

"Waziri wa Uvuvi amefanya nini katika utafiti wa ini?"

"Hajafanya lolote baya," alisema Profesa, na mkasi ukalia.

Safari ya pili zilitoka damu za wagonjwa, wakaingia wake wawili wa Profesa na mmoja aliyetarajiwa. Safari ya tatu yalitoka maelezo ya kuvu na jinsi ya kulitambua, akaingia marehemu baba yake Profesa.

"Marehemu ana mchango gani?" aliuliza Siwema.

"Aliniombea dua."

"Alifariki kabla ghala halijajengwa!"

"Dua njema hutangulia, binti yangu."

Safari ya nne lilitoka hitimisho. Safari ya tano Siwema alikuta kurasa zote sita zimejaa: picha, majina, shukrani kwa wenye majina, na shukrani maalumu kwa picha. Hakukuwa na ini, hindi wala mgonjwa. Profesa alikuwa akijikuna kidevu.

"Limebaki jina moja la kutoa ili aingie dereva wa Waziri. Dereva mwenyewe ni mtu wa hasira, unamjua. Sasa nimepitia wote, nikaona wote ni watu wazito." Akakohoa. "Isipokuwa wewe."

Siwema hakulia. Alikuwa ameshajua kwamba machozi ya mtu mwenye mitajo mitatu huishia shavuni. Aliutazama mkasi, akalitazama andiko lake lililochinjwa, na jicho lake likapanda hadi juu kabisa, pale ambapo palikuwa bado peupe.

"Na kichwa cha andiko, Profesa? Kitaandikwa na nani?"

"Kichwa?" Profesa alicheka hadi tumbo likacheka lenyewe. "Kichwa hakimpandishi mtu, binti yangu. Kichwa ni kazi ya makarani."

"Basi nipeni mimi hicho. Kiwe kifuta jasho changu."

"Chukua!" Profesa alifungua mikono yake. "Chukua chote. Asije mtu akasema Mkole ni mchoyo. Ila kiwe kirefu. Tume haipokei kichwa kilichopungua shibri."

Siwema alikiandika palepale, wima, kalamu ikitoboa karatasi.

Bibi Zamoyoni alikipima kwa mkono wake mwenyewe, kidole gumba mwanzoni na kidole cha mwisho mwishoni. "Shibri moja na vidole vitatu," alisema kwa furaha. "Hiki ndicho kichwa cha kisomi." Akagonga muhuri. Nakala zikaenda kwa wenye majina wote. Kila mmoja alilitafuta jina lake, akaliona, akalibusu au akalalamika kwamba limeandikwa dogo. Hakuna jicho lililopanda juu zaidi ya hapo, maana juu hapakuwa na mtu.

*

Siku mbili baadaye, kabla ya taarifa ya habari, msomaji wa redio alitaja kwa sauti yake ya kiume iliyoshiba:

"*Mahindi ya Ghala Kuu Yameota Kuvu Lenye Sumu Iletayo Saratani ya Ini, na Mzazi Mwenye Akili Asimpe Mwanawe Uji Wake Hata Kijiko Kimoja: Uchunguzi wa Awali*, andiko la Profesa Badawi Mkole na wenzake. Na sasa habari. Magunia ya mwanzo ya Uji wa Ushindi yamepokelewa kwa vigelegele."

Siwema aliyekuwa akichoma sindano alisimama na sindano hewani. Alingoja. Alidhani atasikia mlango ukivunjwa, au simu, au mji mzima ukipiga ukelele. Alisikia taarifa ya mpira wa miguu.

Kutoka siku ile kichwa hicho kilitajwa kila mahali. Askari wa barabarani walikidai kabla ya leseni. Wabunge walikitaja, kisha wakapitisha bajeti ya masufuria ya uji. Waziri wa Kilimo alikitaja mbele ya ghala lenyewe, akapumua, akasema, "Baada ya kusema hayo, naomba kuwahakikishia kwamba chakula chetu ni salama," akapigiwa makofi.

Jumamosi palikuwa na harusi mtaani kwao, na Mwantumu alikuwa msemaji wa upande wa bibi harusi. Alisimama na kanga yake mpya, akakitaja kichwa chote kwa pumzi mbili tu, jina la Profesa likatua mwishoni kama njiwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Akarudi kuketi akitokwa jasho la ushindi.

"Dada," alisema Siwema, "umesikia ulichosema?"

"Kwani nimekosea?"

"Hukukosea hata neno."

"Eh, umenitisha! Maana pale kwenye *hata kijiko kimoja* ukivuta pumzi vibaya umeanguka. Jirani yetu Mwanamosi kaanguka hapo, kalala rumande siku mbili."

"Dada, achana na pumzi. Yale maneno nimeyaandika mimi. Ni ya kweli. Wasichana wako wasiuguse uji wa shule."

Mwantumu alimtazama mdogo wake kwa huruma, kama mtu anayemtazama mlevi wa kwao. "Siwema, mdogo wangu. Lile andiko ni la Profesa, nchi nzima inajua. Na kama lingekuwa linasema jambo baya, si lingekatazwa? Kitu wanachokulazimisha kukisema kitakuwaje na maana?" Akachukua sambusa. "Halafu mwalimu mkuu kasema mtoto asiyekunywa uji, mzazi wake ana ajenda. Mimi sina ajenda. Mimi nina watoto."

Siwema alirudi nyumbani bila kula. Alikuwa ameipenya mikasi yote, ameiingiza kweli kwenye kila kinywa cha Shamirani, na kila kinywa kilikuwa kikiitema bila kuionja.

Shule zilipofunguliwa alikwenda kusimama getini. Watoto walikuwa wamepangwa mistari, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, mapacha wa Mwantumu wakiwa mbele kwa sababu ya ufupi. Sufuria ilifunuliwa. Mwalimu mkuu alinyanyua fimbo yake, na watoto wakaimba kichwa chote kwa sauti ya wimbo wa taifa, vizuri mno, wakigawana sauti pale kwenye *saratani ya ini*. Walipofika *uchunguzi wa awali* wakainama, wakashukuru, wakanywa.

"Msinywe!" Siwema alipiga kelele. "Wanangu, msinywe! Si mmeimba sasa hivi?"

"Daktari!" mwalimu mkuu aliwaka. "Unawakatiza watoto baada ya mtajo? Una adabu wewe? Mlinzi!"

Mlinzi alimshika mkono, akamtoa nje, na kwa kuwa getini ni mahali pa watu, alitaja kwanza.

*

Uji ulikuwa haujamaliza wiki ya pili Tume ilipotangaza kwamba Profesa Mkole anakaribia mtajo wa milioni moja. Hakuna mtafiti wa saratani duniani aliyewahi kutajwa hivyo na watu wasioumwa. Mtukufu aliandaa dhifa katikati ya Uwanja wa Taifa, wananchi wakajazwa kwenye ngazi kuanzia asubuhi, na rais wa nchi jirani, yule wa sukari, akaalikwa kuja kukaa kiti cha mbele aone. Ili kuunganisha fahari mbili kwa pamoja, chakula cha siku hiyo kilikuwa ugali wa mahindi ya Ghala Kuu. Sahani zilipangwa jukwaani, mlima mweupe juu ya kila moja.

Mtajo wa milioni aliachiwa Profesa mwenyewe. Katazo liliondolewa kwa siku hiyo. Bibi Zamoyoni alimkabidhi jarida, na Profesa Mkole, amevaa joho la rangi tatu, akasogea kwenye kipaza sauti. Siwema alikuwa juu kabisa kwenye ngazi, kando ya Mwantumu na mapacha wake, akitafuna ukosi wa gauni lake.

Profesa hakuwa amewahi kukisoma. Mwenye nyumba hasomi kibao cha mlangoni pake.

"*Mahindi ya Ghala Kuu*," alianza, kwa ile sauti ya kufungisha ndoa. "*Yameota Kuvu… Lenye Sumu*." Sauti ikapungua maji. "*Iletayo…*" Akamgeukia Bibi Zamoyoni. Bibi Zamoyoni alimkazia macho: mtajo uliokatwa katikati ni hujuma. Profesa akaendelea, neno moja moja, kama mtu anayeteremka kisimani. "*Saratani. Ya ini. Na mzazi. Mwenye akili. Asimpe mwanawe uji wake. Hata. Kijiko. Kimoja.*" Na kwa matumaini kidogo: "*Uchunguzi wa awali.*"

Watu walipiga makofi kama kawaida. Lakini Mtukufu, ambaye hakuwa amewahi kutajiwa chochote upande huu wa mlango, alikuwa ameshika tonge karibu na mdomo, na tonge lilikuwa limesimama.

"Ghala lipi?" aliuliza. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ulimsikia.

"Ghala Kuu, Mtukufu."

"Langu?"

"Lako, Mtukufu. Ila ni uchunguzi wa awali tu."

"Na hili?" Mtukufu alilionyesha tonge.

Profesa alilitazama tonge kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe asiyemtaka. Rais jirani alikuwa ameshaweka lake mezani na alikuwa akijifuta vidole, kimoja kimoja.

"Hongera sana," alisema jirani. "Ndiye huyu mtafiti wako mwenye milioni? Wangu asingethubutu."

Hapo Mtukufu alibanwa pande zote mbili. Akisema andiko ni la uongo, milioni imekwenda na jirani anacheka. Akisema ni la kweli, ana kuvu mkononi. Akafanya kama wafanyavyo viongozi wenye hekima, akamgeukia aliye chini yake.

"Andiko ni lako, Profesa?"

Profesa alitazama milioni yake upande mmoja na sahani upande wa pili. "Ni langu, Mtukufu."

"Basi wewe unaujua ugali huu kuliko sisi. Anza."

Profesa alimega. Alilifinyanga tonge muda mrefu kuliko tonge linavyohitaji. Akalinyanyua hadi kidevuni. Mkono ukakataa.

"Mtukufu, niwie radhi. Nimefunga."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Mtukufu akarudisha tonge lake kwenye sahani, na kwa kidole kimoja akaisukuma sahani mbali naye. Waziri wa Kilimo akasukuma yake. Waziri wa Uvuvi akasukuma. Meza nzima ikasikika ikikwaruza, sahani baada ya sahani.

Kwenye ngazi watu walikuwa wakizihesabu sahani. Mwantumu alikuwa amesimama, mikono yote miwili mabegani mwa wanawe.

"Umeona?" alinong'ona. "Kaisukuma. Kwa kidole."

"Nilikwambia, dada."

"Uliniambia, ndiyo. Lakini wewe huwa unasukuma sahani hata ukikasirika tu."

*

Jumatatu masufuria yote ya Shamirani yalirudi jikoni yamejaa. Hakuna mzazi aliyetoa sababu, hakuna aliyetaja andiko. Watoto walifika shuleni na mihogo ya kuchemsha mifukoni, na walipoulizwa walisema wamefunga. Ghala Kuu lilifungwa ili lipakwe rangi. Profesa Mkole alipewa medali ya uvumbuzi, na katika chapa ya pili ya andiko Mtukufu akawekwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeligundua kuvu mdomoni.

Kisha Tume ikaanza kumtafuta aliyeandika kichwa.

"Mwanangu," alisema Bibi Zamoyoni. Safari hii hakukuwa na chai. "Katika andiko hili wewe ni mwandishi wa ngapi?"

"Simo, mama. Nafasi yangu alikaa dereva."

"Sasa mchango wako ni upi?"

"Kichwa."

Bibi Zamoyoni aliifunua sheria, akaipitia kwa kidole kile kile alichokipimia shibri, mbele na nyuma. "Kichwa hakihesabiwi," alisema mwishowe, kwa uchungu. Na kisichohesabiwa hakishitakiwi. Sheria alikuwa ameiandika mwenyewe.

"Najua, mama. Ndiyo sababu nilikiomba."

Tume ilimfutia mitajo yake mitatu ili asiondoke bure, na siku hiyo hiyo ikapiga marufuku vichwa vinavyozidi maneno mawili.

Siwema alirudi wodini kwake, mwisho wa ujia. Huko hapakuwa na sherehe. Wa Ghalani walikuwa wamekula miaka mingi, na hakuna sahani iliyosukumwa uwanjani iliyoweza kuwatoa mahindi yale mwilini. Kitanda cha pili kilikuwa wazi tangu jana. Mwalimu Hamdani alikuwa amegeuzwa kutazama dirisha, tumbo lake juu ya shuka kama mzigo wa mtu mwingine.

"Daktari," alisema, "lile andiko. Sisi wote tumelitaja humu, hata waliokuwa hawana sauti. Kile kichwa nimekielewa. Nilitaka kukuuliza, ndani linasemaje?"

"Ndani ni majina, mwalimu."

"Majina tu?"

"Majina tu."

Mwalimu alicheka, akalishika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. Alipotulia akamgeukia, macho yake ya njano makavu kabisa.

"Na lako limo?"

"Halimo."

"Afadhali," alisema Mwalimu Hamdani, akafumba macho.